Mama Mwenye Nyumba na Kishikio cha Chapuchapu

Hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina. Sie wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, na hilo lilikuwa sawa kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Lakini hata majirani wenye nyumba zao walimwita hivyo hivyo, muuza samaki alimwita hivyo, na siku moja nilimsikia imamu wa msikiti wa mtaani akibisha hodi na kuuliza, "Mama Mwenye Nyumba yupo?" kana kwamba Tandika nzima ina nyumba moja.

Mie na mke wangu Salma tulihamia kwake tukiwa bado wapya kwenye ndoa, na tulitoka watoto walipozidi chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani kisima na kamba za nguo. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho mwenye nyumba mwingine angekipangisha duka au saluni, yeye alikiwekea mashine ya kukereza chuma. Mashine ndogo, ya kukaa juu ya meza. Ukiipitia haraka unadhani ni cherehani lililonenepa. Unabana kipande cha chuma kwenye taya zake, mashine inakizungusha, nawe unakisogezea kisu kigumu kinachokimenya taratibu kama mtu anavyomenya chungwa. Kwa mashine ile alichonga bushi za pampu, pini za bajaji, magurudumu ya mageti, na vitu vingine ambavyo wateja wenyewe hawakujua vinaitwaje. Kazi hiyo aliijulia kwenye karakana kubwa alikotumikia ujana wake wote. Alipostaafu akanunua ya kwake, akaikomea meza yake kwa maboliti kwenye sakafu ya nyumba ambayo sie tulikatazwa kupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda.

"Ukuta wangu una roho," alikuwa akisema.

"Na sakafu, mama?"

"Sakafu haina. Sakafu nimeiuliza."

Ndivyo alivyokuwa. Sheria zake zilikuwa nyingi na zote zilimhusu mtu mwingine. Redio ikipigwa singeli mchana, alikuja kugonga mlango kwa ufunguo. Lakini mashine yake ikinguruma alasiri nzima, hiyo ilikuwa riziki, si kelele. Alichukia mtu anayechelewa, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika harusi yoyote kabla ya biriani kwisha, maana njiani kila mtu alimsimamisha na kila aliyemsimamisha alisikilizwa mpaka mwisho. Ukimharakisha alikuuliza neno moja tu: "Unafukuzwa?" Na ukimletea jambo asilolipenda, hata liwe zuri namna gani, alikuwa na lingine: "Nani kakutuma?"

Kulikuwa na kisa cha vifuniko vya sufuria. Salma alilalamika siku moja kwamba kile kishikio cha plastiki juu ya kifuniko kimeyeyuka. Mama Mwenye Nyumba akakichukua kifuniko, akakirudisha jioni kikiwa na kirungu cha shaba kilichokerezwa kikapata kiuno na kichwa, kinang'aa kama pambo la mlango wa Mwarabu. Wapangaji wote wakaleta vifuniko vyao. Juma lile uani kwetu paling'ara. Tatizo shaba inapokea moto kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika, na mie ni fundi friji, nimeshika mengi. Kila mwanamke wa nyumba ile aliungua vidole. Walipomwendea kwa adabu kumweleza, aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Shikeni na kitambaa." Hakubadilisha hata kimoja. Sie tukashika na kitambaa, na sufuria yetu ile bado tunayo.

Akiwa mbele ya mashine alikuwa mtu mwingine. Uani alivaa dera pana na kanga mbili, anaongea huku anacheka. Lakini kabla ya kuwasha, kanga zilivuliwa, mikono ya dera ikakunjwa na kufungwa kwa mpira, mtandio ukabanwa kisogoni mpaka macho yakavutika. Nguo inayoning'inia karibu na chuma kinachozunguka ilikuwa ndiyo hofu yake kubwa. Alishawahi kuona, akiwa karakana, shati likimvuta mwenye nalo, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulisimulia mara mbili. Mteja mmoja alikuja na tai, akainama kutazama kisu kinavyokula. Mama Mwenye Nyumba alizima, akamshika tai, akaisokomeza yote ndani ya shati la yule bwana mpaka mwisho, akamfunga kifungo, akawasha tena. Yule bwana alibaki amesimama wima kama anayepimwa suti.

Mwingine alifika akakuta Mama Mwenye Nyumba ameketi kibarazani na kikombe. Akasalimia, akauliza, "Samahani mama, fundi yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Anakunywa chai."

Mteja akaketi kumsubiri fundi amalize chai. Mama Mwenye Nyumba naye akamaliza chai, pole pole, akimuuliza habari za kwao na bei ya mihogo huko alikotoka, kisha akanyanyuka, akajifunga mikono na kusema, "Haya, fundi kamaliza. Lete hicho chuma."

Alikuwa na mwenzake mmoja tu katika kazi, mzee mwenye karakana yake Keko, pembeni ya wale wauza makochi. Walianza kazi pamoja na walizeeka wakitukanana. Kila Ijumaa baada ya swala mzee huyo alikuja kunywa kahawa kibarazani, na mazungumzo yao yalikuwa vita vitupu.

"Bado unachonga vifuniko vya sufuria?"

"Bado unaharibu shafti za watu?"

"Mie naharibu shafti kubwa. We na hicho kicherehani chako!"

Wakacheka, wakamiminiana kahawa nyingine. Lakini kuhusu jambo moja walikubaliana kama mapacha: kila kipya kinachohusu kukereza kililetwa mjini na wavivu.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hadithi haiendi. Kwenye mashine ile kuna kishikio cha visu. Cha kwake kilikuwa kile cha zamani, bonge la chuma la pembe nne, juu lina safu ya maboliti. Kisu kinaingizwa ubavuni, kinabanwa kwa maboliti. Shida ni kwamba ncha ya kisu lazima ilingane sawasawa na kitovu cha chuma kinachozunguka. Ikiwa chini inakwaruza na kuacha kinundu katikati, ikiwa juu inasugua tu. Na visu havilingani unene. Kwa hiyo kila ukibadilisha kisu unakiwekea chini yake vibati vyembamba, unabana, unajaribu, unaona bado, unalegeza, unaongeza kibati, unabana tena. Vibati vyake alivikata mwenyewe kwenye makopo ya maziwa ya unga na kuvihifadhi ndani ya kopo hilo hilo. Alikuwa akikitazama kisu, anatia mkono koponi, anachomoa vibati viwili vitatu, na vinakuwa ndivyo. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo. Nadhani na yeye alipenda kutazamwa.

Kisha akaanza kurudisha kazi.

Mwanzoni sikutilia maanani. Mtu alikuja na chuma chake, Mama Mwenye Nyumba akakigeuzageuza, akasema, "Chuma hiki kibaya, kina mchanga ndani. Peleka Keko." Mwingine akaambiwa umeme hautoshi. Mwingine akaambiwa leo si siku nzuri. Chumba cha mbele kikawa kinafunguliwa asubuhi, kinafagiwa, kinafungwa. Siku akiwasha, mashine ilinguruma kidogo na kunyamaza kwa muda mrefu, ikanguruma tena na kunyamaza. Nikadhani uzee unamfanya achague kazi.

Ni Salma aliyegundua. Alikuwa uani na Mama Mwenye Nyumba wakitayarisha chakula, na chupa ya achari ya ndimu ilikuwa imekaza kifuniko. Mama Mwenye Nyumba akaishika, akaitazama, akaiweka chini, akaanza kuzungumzia mambo mengine. Baadaye kidogo akaichukua tena, akaipakata mapajani, akajaribu kwa kiganja. Kisha akasema hana hamu ya achari. Mtu ambaye bila achari hali hata ugali!

Usiku ule Salma akaniambia, "Baba Rama, yule mama vidole vinamuuma. Si kuuma kidogo. Hata nguo hakamui siku hizi, anatundika zinachuruzika."

Siku iliyofuata nikamtazama mikono vizuri. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mafundo ya kamba. Hapo nikaelewa ukimya wa mashine. Kugeuza yale magurudumu ya mashine yanayosogeza kisu aliweza, kwa kiganja inatosha. Kilichomshinda ni yale maboliti: kulegeza, kubana, kulegeza, kubana, mara kadhaa kwa kazi moja. Hakuwa anachagua kazi. Alikuwa anaficha.

Nilimjua vya kutosha kutomwambia kitu. Badala yake nikaanza kuuliza mafundi, na siku moja nikaona kwenye simu ya mteja video ya mtu mwenye mashine kama ile ile, ila kishikio chake ni cha namna nyingine. Kina mkono mmoja wa kuvuta. Kila kisu kinakaa kwenye kibweta chake cha chuma, urefu umeshapangwa mara moja kwa nati ndogo ya juu. Ukitaka kubadilisha unavuta mkono, unachomoa kibweta, unachomeka kingine, unasukuma mkono, basi. Hakuna kibati, hakuna spana. Nikamwendea kijana mmoja wa Kariakoo anayeagizia watu vipuri China, nikamwonyesha, nikasubiri mpaka nikasahau, kikaja. Kizito kama tofali.

Nikampelekea Mama Mwenye Nyumba kibarazani, nimekifungua kabisa na vibweta vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Kishikio cha visu. Cha chapuchapu. Ukivuta hapa..."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, nimeona tu nikasema..."

"Umeona nini?"

Akakitazama kile kishikio, akakisukuma kwa mguu mpaka mlangoni mwa chumba cha mbele, pale mlango ulipokuwa ukijibamiza kwa upepo. Mlango ukatulia.

"Asante," akasema. "Nilikuwa na shida na huu mlango."

Kikakaa pale. Ijumaa mzee wa Keko akajikwaa nacho, akauliza, akaelezwa. Akacheka mpaka kofia ikamhama. "Chapuchapu! Sasa watakuletea na cha kutafunia chakula." Wote wawili wakacheka. Mie nilikuwa kwenye ngazi natengeneza feni ya ukumbini, nikajifanya sisikii. Ila niliona kwamba Mama Mwenye Nyumba alicheka akiwa ameiingiza mikono yake ndani ya kanga.

Kilichobadili mambo ni kisima. Kisima cha uani kwetu kilikuwa na pampu, na maji yake tulitumia sie wapangaji na majirani wote wa upande ule, kwa kuwa Mama Mwenye Nyumba hakuwahi kumzuia mtu ndoo. Ilikuwa kiangazi na mabomba ya mtaa yalikuwa yanatoa hewa tu. Asubuhi moja pampu ikaanza kulia kama mbuzi, ikatetemeka, ikafa. Niliifungua mwenyewe. Bushi, ile pete ya shaba inayoshikilia shafti inayozunguka, ilikuwa imelika ikawa nyembamba kama karatasi. Dukani hazipo, pampu yenyewe ya zamani. Mzee wa Keko alikuwa amesafiri msibani Kilwa. Karakana nyingine niliyokwenda ilikuwa na foleni ya watu wa malori. Niliporudi, ndoo zilikuwa zimepangana kutoka kisimani mpaka barabarani, na wanawake wamekaa juu yake.

Mama Mwenye Nyumba akanipokonya ile bushi. "Naichonga," akasema, akaingia chumba cha mbele na kufunga mlango.

Tukamsikia akiwasha, halafu akizima. Kimya. Spana ikaanguka sakafuni. Kimya. Spana ikaanguka tena. Wanawake kwenye ndoo waliacha kuongea. Ilipoanguka kwa mara nyingine nikasukuma mlango, nikaingia bila hodi, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa dhambi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameikumbatia kwapani. Hakulia. Alikuwa amekasirika, amekasirikia vidole vyake kama vile ni wapangaji wabaya.

"Usinitazame hivyo," akasema.

"Sikutazami, mama."

"Unanitazama. Mkeo pia ananitazama tangu siku ya achari, anadhani sijui." Akapumua. "Nimeshika spana tangu sijaota mvi, leo haitaki kushikika. Kila boliti moja ni kama naubana mkono wangu mwenyewe. Na pale nje wananingoja na ndoo."

Nikaokota spana sakafuni, nikaiweka mezani.

"Lete hicho kizuizi cha mlango," akasema.

Nikakileta. Mlango ukajibamiza nyuma yangu na hakuna aliyejali. Nikafungua nati kubwa ya katikati inayoshikilia kishikio cha zamani, nikakinyanyua, pale chini pakabaki boliti moja iliyosimama peke yake. Tukakichukua kipya, tukakivika. Kikaingia vizuri, na kikaanza kucheza: tundu lake lilikuwa pana, boliti ya mashine nyembamba. Kiatu cha baba mguuni kwa mtoto.

Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye ile video isipokuwa tundu.

Mama Mwenye Nyumba akainama, akakitikisa huku na huku, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Kinataka pete ndani. Pete ya kujaza nafasi. Na pete inachongwa na nini?"

"Na mashine."

"Mashine isiyo na kishikio?"

Hapo na mie nikacheka. Ilitubidi tukirudishe kile cha zamani ili kimchongee mrithi wake. Na kukirudisha maana yake maboliti yale yale.

"Utabana wewe," akasema.

Katika miaka yote ile hakuwahi kumruhusu mtu kugusa mashine yake, hata kuifuta vumbi. Nikanawa mikono. Akanikunjia mikono ya shati mwenyewe, juu ya kiwiko, akahakikisha. Kisha akatia mkono kwenye kopo la maziwa, akachomoa vibati, akanipa. "Viwili chini, hicho kilichopinda juu. Bana. Si hivyo, unabana kama unafunga gesi. Pole pole, zamu kwa zamu. Hapo. Basi!" Yeye kwenye magurudumu, mie kwenye spana. Tukabana kipande cha chuma, akakitoboa kati, akakimenya nje, nikabadilisha kisu kila aliponiambia, na alinisema kila nilipobadilisha. Pete ikatoka nyembamba, inang'aa. Akaipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, akaimenya tena kama unywele, akaipima. Akailainisha kingo kwa tupa. Tukaisukuma ndani ya tundu la kishikio kipya kwa kidole gumba, ikaingia ikitoa pumzi.

Safari hii, kilipovikwa juu ya boliti, hakikucheza. Akapangusa chini mara mbili, akapapasa kwa kucha kama kuna punje ya chuma, akaniambia nikaze nati.

Kisha akapachika kisu kwenye kibweta kimoja, akakichomeka, akabana chuma chakavu, akawasha na kukikata usoni. Katikati ya uso wa chuma kikabaki kijidude kidogo kilichochomoza.

"Chunusi," akasema. "Kisu kiko chini."

Akazungusha ile nati ndogo ya juu kwa kidole kimoja, kibweta kikapanda kidogo. Akakata tena. Chunusi ikapungua. Akapandisha tena kiasi cha pumzi, akakata, na uso wa chuma ukatoka laini kote, hauna alama, unaweza kujitazama meno. Akapapasa pale katikati kwa ncha ya kidole chake kilichovimba, akarudia kupapasa.

"Na hakitashuka tena?"

"Hakishuki. Umeshakipanga."

"Hata nikikitoa?"

"Jaribu."

Akauvuta ule mkono kwa ubavu wa kiganja, pale ambapo hapakumuuma. Tak. Kibweta kikalegea. Akakichomoa. Akakirudisha. Tak. Akakata tena: laini. Akasimama anakitazama kile kidude kwa uso ambao sijauona kwake kabla wala baada yake, kisha akageuka.

"Toka," akaniambia. "Kawaambie wenye ndoo wasiondoke."

Nikatoka, nikakaa kibarazani. Ndani mashine ikanguruma moja kwa moja, ikinyamaza kidogo tu. Na kila iliponyamaza tulisikia: tak. Wanawake kwenye ndoo wakaniuliza ni nini. Nikawaambia ni kazi.

Alasiri nilifunga bushi kwenye pampu, maji yakatoka kwa kishindo, machafu kwanza, kisha meupe. Watu wakashangilia kama timu imefunga goli. Mama Mwenye Nyumba alisimama mlangoni, dera limejaa vumbi la shaba, akawasema wanaoloanisha ukuta wake.

Ijumaa iliyofuatia msiba wa Kilwa, mzee wa Keko alirudi, akaingia chumba cha mbele, akakiona kishikio kikiwa mahali pake.

"He! Uvivu umeingia."

"Nimekiagiza mwenyewe," Mama Mwenye Nyumba akajibu bila kupepesa. "Zamani tu."

Mzee akavuta ule mkono, akausukuma. Tak. Akafanya tena. Akatoka, akanywa kahawa yake, akamkosoa kuhusu mambo mengine kabisa. Lakini wakati wa kuondoka aliniita pembeni ya barabara, akanishika bega, akaninong'oneza, "Mwanangu, hiki kidude kinapatikana wapi?"

Baada ya hapo chumba cha mbele kilikuwa wazi kila siku. Alichukua kazi za kila mtu, hata zile ambazo zamani alikuwa akizikataa kwa kiburi, na alikuwa akinisema kama kawaida kuhusu viatu vyangu ukumbini. Kunishukuru hakunishukuru. Ila Ramadhani ile, futari aliyotuletea chumbani kwetu ilikuwa kubwa kuliko ya wengine, na Salma alisema ni kwa ajili ya watoto, nami nikakubali kuwa ni kwa ajili ya watoto.

Tulihamia Chanika. Ni mbali, kuna miti na kuna matope, na kurudi Tandika kunakula siku nzima. Nilikuwa nikipita mara moja moja, halafu nikawa sipiti. Mwaka huu kazi ya friji ikanileta Tandika, nikasema siondoki bila kusalimia.

Nilipofika, chumba cha mbele kilikuwa na pazia la shanga na harufu ya mafuta ya nywele. Saluni. Nikasimama barabarani nikiogopa kuuliza. Kisha nikasikia sauti yake ndani ikimwambia mtu, "Haraka ya nini, unafukuzwa?"

Nikaingia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, miguu juu ya kigoda, mikono yote miwili ameinyoosha mbele juu ya mto, na msichana mmoja wa saluni alikuwa amemaliza kumchora hina. Maua kutoka kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, yamezunguka kila fundo la kidole kana kwamba mafundo yaliwekwa pale kwa ajili ya maua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiniguse, haijakauka. Mkeo hajambo? Watoto?"

Nikamjibu yote. Kisha nikauliza mashine iko wapi.

"Nimeiuza. Kaichukua mama mmoja wa Ukonga, ana karakana yake na mumewe. Alikuja na mashaka, nikamwonyesha kile kishikio. Alivuta mkono mara moja tu, akasema anachukua."

"Vidole vilizidi?"

"Vidole ni vile vile." Akaitazama mikono yake, akaigeuza taratibu. "Ujana wangu wote sikupaka hina. Ukipaka Ijumaa, Jumatatu mafuta ya mashine yameshaitoa. Nikasema sasa nataka. Siku ile ya ndoo vidole vilitaka kuniachisha kazi, nikakataa. Sikutaka kuachishwa. Hii safari nimeshika kazi mpaka nilipoichoka, nikaifagia, nikaifunga." Akazipuliza kucha. "Ndo tofauti yake, baba."

Hakuwahi kuniita baba. Simu yake ikalia juu ya meza, kati ya chanuo na makopo ya mafuta.

"Nipokelee. Niwekee sikioni, mie sina mikono."

Nikapokea, nikamwekea sikioni, nikasimama pale nimeinama kama mtumishi. Sauti ya mwanamume ilisikika ikimweleza jambo refu kuhusu shafti.

"Sichongi tena," Mama Mwenye Nyumba akamwambia. "Peleka Keko. ... Ndiyo, nimeacha." Yule mtu akasema kitu kwa upole, kwa sauti ya kutoa pole. Mama Mwenye Nyumba akanyoosha vidole vyake kwenye mwanga wa mlangoni kuona kama vimekauka.

"Hapana, siumwi," akasema. "Nimependa tu."